Jina la Musonda Ubavuni mwa Tairi

Mtu akikutajia bei bila kupepesa macho, muulize kwanza bei hiyo inaishia wapi. Léonard Musonda hakuuliza. Alikuwa na dola mia tatu na themanini mfukoni na haraka iliyomzidi akili. Matairi manne mapya ya Hiace, dola tisini kila moja, ni mia tatu na sitini. Zinabaki ishirini za mafuta. Akaona mambo yamenyooka, akatoa ufunguo, gari likapandishwa juu ya jeki.

Saa tatu na nusu asubuhi hiyo, kampuni moja iliyokuwa ikitafuta gari la kubeba wafanyakazi wa mgodi ingekagua magari getini kwake, kwenye barabara ya Kinsevere. Wenyeji wa vijiji vya jirani walikuwa wametengewa nafasi moja tu, kazi ya mwaka mzima, na jina la Léonard lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Asipoitika, anaitwa anayefuata. Masharti aliyajua kwa moyo: matairi manne mapya, kizimamoto, pembetatu ya tahadhari, na tairi la akiba lililo zima. Pesa zilitoka kwa dada yake, Mwenya, aliyeuza mahindi yote ya shamba lao, hata ya mbegu. Kazi hii ikipotea, Mwenya na watoto wake hawakuwa na cha kula wala cha kupanda.

Duka la matairi lilikuwa mjini, mtaa wa Bel-Air. Mwenye duka aliitwa Adrien, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa sala na sauti ya chini. Matairi yalipokwisha kufungwa aliandika taratibu, akapiga mstari, akageuza karatasi.

"Papa Léonard, yote ni mia ine na munane."

"Mia ine ya nini? Si ulisema quatre-vingt-dix kwa kila moja?"

"Ile ni bei ya pneu, tairi yenyewe. Kufunga ni makumi mbili. Équilibrage, kusawazisha magurudumu, makumi mbili. Bavalve za upepo, munane."

"Na haukuniambia?"

"Haukuniuliza, papa. Iko naandikwa pale." Adrien alionyesha ukutani. Karatasi ilikuwepo kweli, ila kalenda ya kanisa ilikuwa imeifunika nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na maneno.

"Toa équilibrage basi!"

"Inaisha kufanywa. Bale bantu bametumika kazi, batakula nini?"

Saa mbili na dakika arobaini. Hasira zilimpanda Léonard, akazimeza, maana ufunguo wake ulikuwa ndani ya droo ya Adrien. Hata akitoa zile ishirini za mafuta, zilikuwa zinapungua ishirini na nane. Alitoa simu yake iwe rehani. Adrien akatazama kioo kilichopasuka, akairudisha kwa adabu.

"Niachie secours, ile tairi ya akiba. Utakuya kuikomboa."

"Secours iko kwa liste! Bakikosa kuiona, bananifukuza."

Hapo akaingia Mbuyi, dereva mzee anayebeba abiria kwenda Kasomeno, akitafuta tairi kuukuu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye matairi ya zamani ya Léonard yaliyoegemezwa ukutani. Matatu yalikuwa vipara. La nne lilikuwa bado na meno, na ubavuni lilikuwa na herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto: MUSONDA. Madereva wengi huchoma majina yao hivyo, tairi lisije likabadilishwa gereji wakiwa wamegeuka. Chuma cha Léonard alikirithi kwa marehemu baba yake.

Kumbe lile lenye meno ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Jiwe lilikuwa limekata nyuzi zake kwa ndani. Likijazwa upepo na kupata joto, lilitoa uvimbe upande usioonekana, mkubwa kama ngumi ya mtoto. Likitolewa upepo, uvimbe hujificha. Wiki mbili nzima Léonard, aliyelijua hilo, aliendesha polepole huku akiomba Mungu.

"Trente, dola makumi tatu," Adrien alimwambia Mbuyi. Kisha akamgeukia Léonard. "Ukikubali aikamate, deni yako imeisha. Nakurudishia mbili."

Mbuyi alikuwa anapapasa zile herufi. "Musonda ni weye? Mutoto ya Papa Musonda wa camion, ule dereva wa lori?"

"Ni miye, papa."

"Papa yako alibebaka bibi yangu bure, siku uchungu ya kuzala ilimushika mu njia ya Kasomeno. Bengine bote balipita tu. Yeye njo alisimama." Mzee alianza kuhesabu noti. "Pneu ya Musonda, siulizi tena. Niko na bantu kumi na tano, naondoka saa ine."

Léonard alifungua kinywa. Akaitazama saa ya ukutani, akalitazama gari lake juu ya jeki, akamkumbuka Mwenya akisukuma gunia la mwisho kwenye mizani. Akakifunga.

"Safari njema, papa," alisema.

Adrien alitoa ufunguo.

Getini alifika mapema. Matairi mapya yaling'aa, madereva wenzake wakamtazama kwa wivu, na Léonard hakusikia raha hata kidogo. Alijaribu kujiambia kwamba dukani kila mtu anauza, kwamba mzee ana macho yake, kwamba pengine tairi litafika Kasomeno na kurudi. Lakini kila alipojiambia hivyo aliwaona wale kumi na tano. Na alimsikia baba yake, ambaye hakutupa tairi bovu bila kulipasua kwa panga: "Pneu ikikufa, unaikata. Ukiiacha, itaua muntu."

Namba ya Mbuyi hakuwa nayo. Hakuichukua, na alijua kwa nini hakuichukua.

"Musonda! Musonda Léonard!" mlinzi aliita.

Alishuka. "Chef, nipatie saa moja. Kuko muntu naenda kuokoa."

"Saa moja? Ukitoka mu laini, naita mwengine. Sirudilie jina."

Léonard alisimama na ufunguo mkononi. Nyuma yake injini ziliunguruma, kila mmoja akiomba aondoke. Aliingia garini, akakata usukani, akarudi mjini mbio kuliko siku zote.

Kwenye kituo cha magari ya Kasomeno, Hiace ya Mbuyi ilikuwa imejaa, mizigo juu, injini inawaka. Léonard aliegesha mbele yake, akasimama mikono wazi.

"Papa Mbuyi, zima moteur! Ile pneu ni mubaya. Nilijua, na nilinyamaza."

Mbuyi alishuka, akainama, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Mkono ukasimama mahali pamoja, ukakaa. Alipoinuka hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana.

"Na franga yangu, zile makumi tatu?"

"Sina, papa." Léonard alikwenda nyuma ya gari lake, akalitoa tairi la akiba, akalibingirisha mpaka miguuni pa mzee. "Secours yangu hii. Iko muzima. Funga."

Walilifunga pamoja. Mbuyi alipanda, akashika usukani, akamwangalia kijana.

"Ningekufa na jina ya papa yako chini yangu," alisema, akaondoka.

Léonard aliazima panga la muuza miwa. Simu ikaita: Mwenya. Akaiacha iite. Alilipasua tairi ubavuni, katikati ya zile herufi, jasho likimwingia machoni, mpaka likawa halifai kwa mtu yeyote. Simu ikaita tena. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akapokea.

"Kaka! Bamekukubali?"

"Hapana, Mwenya," alisema. "Ikala kwanza chini, nikuelezee."