Kufuli la Zahanati ya Magogoni

Kwa miaka miwili muuguzi Sista Kafedha aliripoti kazini kila asubuhi kwenye zahanati ambayo hakuwahi kuingia ndani. Barua ya wizara ilimleta Magogoni mwaka 1992, wala haikutaja kwamba mlango ulikuwa na kufuli. Jengo lenyewe lilikuwa limekamilika: mabati mapya, vitanda sita, tangi la maji. Lilijengwa kwa mkopo wa nje. Serikali ikachelewa kulipa madeni yake, wakopeshaji wakafunga mkono, mkandarasi akabaki anadai, naye akatia kufuli na kuweka bawabu. Kafedha aliandikia wilaya, wilaya ikamtuma mkoani, mkoa ukamtuma Nairobi, Nairobi ikamjibu kwamba aanzie wilayani. Basi akawa anatibia watu barazani, kwa bendeji na spiriti alizonunua mwenyewe.

Bawabu alikuwa Katana, mtu mzima wa maneno machache. Walizoea kunywa chai pamoja. Mkandarasi hakuwa amemlipa kwa miezi mitano, na alikuwa amemwambia kwamba siku mlango utakapofunguliwa bila ruhusa, asahau mishahara yake yote.

Jumanne moja ya Agosti, adhuhuri, watu wa machimbo ya mawe walifika mbio na mkokoteni. Juu yake alilala Ruwa, mguu umesagwa na jiwe kuanzia gotini, damu ikichuruzika katikati ya mbao. Nduguye, Tsuma, alikuwa amelikaza paja lile kwa shati lake. Hospitali kuu ilikuwa ng'ambo ya daraja, na dereva waliyemsimamisha njiani alikataa kuchafuliwa gari.

Kafedha akafunga ukanda juu ya jeraha. Damu ilipungua lakini midomo ya Ruwa ilikuwa imeshapauka. Ndani, kwenye makasha aliyozoea kuyachungulia dirishani, mlikuwa na chupa za maji ya kutundika, ya kutiwa mshipani. Akamwomba Katana afungue. Katana akasema ufunguo uko kwa mkandarasi. Kafedha akauchukua mtaimbo uliokuwa mkokotenini.

"Sista, usinitie mashakani," Katana akasema. "Nina watoto."

"Na huyu hana mama?"

Pigo la kwanza halikulifungua kufuli. Alipoinua mikono tena, rungu la Katana likamshukia mkono wa kushoto, na akausikia mfupa ukivunjika kabla maumivu hayajafika. Tsuma akaudaka mtaimbo, akalipiga kufuli mpaka likaanguka na kipande cha mlango. Wenzake wakamrukia Katana.

Wakamlaza Ruwa kwenye kitanda ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni. Kafedha alitafuta mshipa kwa mkono mmoja, Tsuma akimshikia chupa. Sindano ilikataa, ikakataa tena. Ilipokubali, Ruwa alikuwa hapumui.

Hapo ndipo Kafedha aliposikia vishindo vya nje. Katana alikuwa chini, wakimpiga kwa mateke na matofali. Jicho moja lilikuwa limepasuka, na mdomo wake ulitoa povu jekundu. Tsuma akampita Kafedha mlangoni, mtaimbo mkononi. Kafedha akakimbia, akajitupa juu ya Katana, mkono uliovunjika ukabanwa kati yao akapiga yowe.

"Ukimuua, Ruwa hafufuki," alisema alipopata pumzi. "Anza na mimi."

Tsuma alisimama juu yao, mtaimbo umeinuliwa. Kisha akaugeukia ukuta, akaupiga, akaupiga, mpaka lipu ikamwagika na matofali yakatoka nje. Polisi walimkuta angali anapiga. Walimwangusha kwa virungu, wakamburura hadi garini, na Kafedha naye wakamtia humo humo bila kumfunga bendeji mkono uliovunjika.

Walishtakiwa kwa kuharibu mali ya serikali. Hakimu akataka hati ya kuonyesha kuwa mali ni ya serikali. Wilaya ikasema jengo halijakabidhiwa, ni la mkandarasi. Mkandarasi akasema ni la wilaya. Baada ya kutajwa mara nne kesi ikafutwa, Tsuma akiwa ameshakaa rumande miezi saba. Barua ya kumwachisha Kafedha kazi haikuzunguka ofisi yoyote. Ilimfikia kwa siku tatu.

Alihamia Utange, akawa anasafisha vidonda nyumbani kwake, kwa mkono ulioungana kombo. Katana alikuja kila Ijumaa kuoshwa shimo la jicho. Mwanzoni Katana hakuweza kumtazama. Kafedha alikuwa na hasira naye bado, na hakuificha. Alimwosha hivyo hivyo, polepole, kwa maji ya vuguvugu.