Saa za Pamoja

"Jirani, nikuulize bila ubaya," mshona nguo wa nyumba ya pili alimwambia Bi Saa siku moja wakianika nguo, "hivi ni kweli wewe unalipwa kwa kugawa saa? Saa si za Mungu?"

Bi Saa alicheka mpaka kibanio kikamponyoka. Jina hilo la Bi Saa alipewa kazini, nalo likamfuata mpaka nyumbani. Akamjibu jirani yake kwa lugha ya ufundi wake. Fikiria cherehani moja tu, alisema, na mafundi wengi, kila mmoja ana mteja anayelia mlangoni. Lazima awepo mtu wa kusema nani akae sasa na nani angoje. Cherehani yenyewe ni rada: dishi la chuma pana kama uwanja wa mpira, linalorusha mawimbi juu kabisa, kule hewa inakokaribia kwisha, kisha linatega sikio lisikie kinachorudi. Nchi kadhaa zimechanga kulijenga. Kila nchi ina saa zake, na watafiti wake wanagawana.

"Na ukitaka kumpendelea mtu wako?"

"Ndiyo maana nasali kabla ya kutoka nyumbani," alisema, akaokota kibanio chake.

Wakati ule hakuwa na mtu wake pale kituoni. Alikuja kuwa naye baadaye, naye alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alikuwa msomi wa anga, akaajiriwa na chuo cha nchi nyingine kati ya zile zilizochanga, akaletwa kwenye rada ile ile kwa akili zake mwenyewe, si kwa kubebwa na mtu. Kazini alimwita Bi Saa kama wengine wote. Nyumbani walikuwa wifi na wifi, wakigombania kijiko na kucheka mambo ambayo mtu mwingine asingeyaelewa. Wenzao waliwaona wakila pamoja wakadhani ni marafiki tu. Hakuna aliyeuliza, na kwa saa za kawaida hapakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu saa za kawaida nchi hugawana zenyewe.

Wifi alikuwa akitafuta kitu kimoja. Jua likichafukwa hutapika moto wake, na moto ule ukifika duniani hewa ya juu huvimba kama unga uliotiwa hamira, setilaiti zinazopita humo zikaanza kuburutwa nyuma. Wifi alitaka kuupima uvimbe ule tangu dakika ya kwanza, dhoruba inapogonga, si baada ya kugonga. Kwa kazi ya namna hiyo mtafiti hapangiwi siku. Hupewa saa za akiba, akae nazo, na anga likichafuka apige simu: nipeni dishi. Ila saa za akiba zina mwisho. Muhula ukiisha hujazitumia, zinarudi kwenye chungu cha wote na kuitwa saa za pamoja.

Dhoruba ndogo ilikuja. Wifi akasema hiyo ni rasharasha. Ikaja ya kati. Bi Saa mwenyewe alimpigia simu: "Wifi, chukua hii. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wifi akacheka. "Subira yavuta heri, wifi yangu. Nikizitumia leo kwa hii, kubwa ikija nitaipima kwa rula?"

Muhula ukaisha. Saa zake zikarudi chunguni. Na kesho yake asubuhi, watu wanaolichunguza jua wakatangaza kwamba limetapika tapiko ambalo halijaonekana kwa miaka, na dhoruba ingegonga siku inayofuata.

Wifi aliingia ofisini kwa Bi Saa bila kubisha hodi. Kanga aliyojitanda ilikuwa imeteleza begani, na midomo ilimkauka.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nipe kesho."

"Kesho ni ya pamoja, wifi. Si yangu kukupa. Na Profesa Kofia ameshaiomba."

Profesa Kofia, mtu wa makamo asiyevua kofia hata mezani, alitoka nchi iliyochanga fungu kubwa. Naye alikuwa anaitaka dhoruba ile ile, lakini yeye alitaka dishi lilale upande wa kaskazini, na wifi alilitaka litazame juu wima.

Wifi aliketi, akasimama, akaketi tena. "Unajua mkataba wangu unaisha wiki hii, na saa nyingine za akiba sipewi tena. Unajua wameniongezea mara ngapi kwa sababu niliwaambia kubwa inakuja. Na rada hii inazimwa karibuni kwa matengenezo, na ikishazimwa haiwaki leo wala kesho. Nitakuwa bibi kizee. Wifi, hii ndiyo kazi yangu yote. Sina nyingine. Sikuolewa, sikuzaa, niliketi nikingoja jua!"

Bi Saa hakuweza kumtazama. Alichukua simu. Kwanza alimpigia fundi mkuu, mtunza mitambo, kumuuliza kama dishi linaweza kurukaruka, dakika hizi huku, dakika hizi kule.

"Bi Saa," fundi mkuu alisema, "hili dishi lina shingo moja, na shingo yenyewe ina ugonjwa wa baridi. Nikilizungusha hivyo litakatika litukalie kichwani. Chagueni upande mmoja."

Akampigia Profesa Kofia. Akamsihi kwa maneno yote aliyonayo. Profesa alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Dada yangu, ningekuwa na roho mbili ningempa moja," alisema. "Lakini na mimi vijana wangu wamekesha. Niwaambie nini? Tukutane kikaoni, wengi wape."

Wengi wenyewe walikuwa watatu. Saa za pamoja huamuliwa na mkurugenzi, fundi mkuu na Bi Saa, kwa kunyoosha mikono. Kabla ya mikono, kila mmoja huulizwa kwa mdomo wake, mbele ya waombaji: una undugu na yeyote hapa, wa damu au wa ndoa? Mwenye undugu hanyooshi mkono. Na wakibaki wawili wasipoelewana, neno la mkurugenzi ndilo linalosimama. Kila mtu kituoni alijua mkurugenzi yuko upande wa Profesa, maana nchi ya Profesa ilitajwa kila bajeti ilipopangwa. Fundi mkuu alikuwa upande wa wifi. Alishalisema hilo jikoni akikoroga chai: "Huyu dada ameingoja dhoruba kuliko bibi harusi anavyongoja bwana."

Kwa hiyo ulibaki mkono mmoja.

Wifi alilijua hilo. Alimvuta Bi Saa mpaka chumba cha kuhifadhia nyaya, akafunga mlango kwa mgongo wake. Kulikuwa na harufu ya mpira na vumbi.

"Watakuuliza kama una ndugu."

"Najua."

"Sema huna."

"Wifi..."

"Sikia kwanza. Kaka yangu yuko ardhini. Mlifunga ndoa mpaka kifo, na kifo kimekuja. Ndoa imeisha, basi na uwifi umeisha. Hutakuwa umesema uongo. Hata Mungu wako hatakuandikia dhambi."

"Usimtie Mungu katika hili."

"Nimtie nani, basi? Nani mwingine yuko?" Sauti ilimkatika. "Nani alimgeuza kaka kitandani wewe ukiwa kazini? Nani alimlisha kwa kijiko? Mwanao akiumwa anaita nani, si shangazi? Sijawahi kukuomba kitu. Hata nguo sijakuazima. Naomba neno moja tu: hapana. Hapana ni neno dogo kuliko yote."

Akapiga magoti. Mwanamke mzima, msomi, kwenye sakafu ya saruji kati ya mafungu ya nyaya. Bi Saa alimshika mabega amwinue, naye akawa mzito kama gunia lililolowa. Mwishowe Bi Saa akashuka naye chini, wakaketi wote wawili, vichwa vimegusana, wakalia bila sauti kwa sababu korido ilikuwa na watu.

Wifi alipotoka kwenda kunawa uso, Bi Saa alibaki. Alisali. Hakuomba apewe nguvu za kusema kweli, maana alijua angezipata. Aliomba wasiulize. Aliomba mkurugenzi asahau, apitiwe, simu yake ilie. Aliomba hata dhoruba ipite pembeni isimguse mtu, akajua anaomba upuuzi, akaendelea kuomba.

Chumba cha kikao kilikuwa na dirisha refu, na dishi lilionekana limesimama juani. Profesa Kofia alikaa upande mmoja, mikono juu ya meza. Wifi alikaa mwisho, karibu na mlango, uso umeoshwa, macho mekundu. Hakumtazama Bi Saa. Alitazama mdomo wake.

"Tuanze," mkurugenzi alisema. "Fundi mkuu, una undugu na mwombaji yeyote?"

"Sina. Na Profesa hata kofia hajawahi kuniazima."

Profesa alicheka kidogo. Wengine hawakucheka.

"Mimi sina," mkurugenzi alisema. "Bi Saa?"

Neno lilikuwa pale kwenye ulimi wake, dogo kweli kweli. Aliziona saa za pamoja kama amana iliyowekwa mikononi mwake na watu asiowajua, katika nchi ambazo hatafika. Akamwona pia mumewe, siku za mwisho, akimwambia kwa pumzi iliyobaki: usimwache dada yangu. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakuenea mahali pamoja.

"Ninaye," alisema. "Yule pale ni wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu."

Fundi mkuu aliweka kalamu chini.

Mkurugenzi alikunja uso, akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na huenda aliyaona macho ya mwanamke aliyekaa mwisho wa meza. "Marehemu," alisema taratibu. "Hilo ni jambo la kutazama. Undugu uliokwisha hauhesabiwi. Nikuulize, na jibu lako tutalipokea kama lilivyo: huyu alikuwa wifi yako, au ni wifi yako?"

Ulikuwa mlango, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Fundi mkuu alimwonyesha kwa kidevu: pita. Mwisho wa meza, wifi aliinua mkono kidogo kutoka mapajani, akauacha hewani.

Bi Saa alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Alifungua kinywa aseme alikuwa. Akayaona maneno yale yakitoka na kwenda kumkalisha yule mwanamke mahali pa mtu baki, meza moja na wapita njia, na kaka yake akizikwa mara ya pili. Angempa saa na kumnyang'anya nyumba.

"Ni wifi yangu," alisema. "Mpaka nife. Sitanyoosha mkono."

Profesa Kofia alivua kofia yake. Hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake.

Mkurugenzi alihesabu mikono, wake na wa fundi mkuu, kwa sauti ya chini kama mtu asomaye jina kwenye kaburi, akasema kesho dishi litalala kaskazini.

"Wifi," Bi Saa aliita. "Wifi yangu, nitazame."

Wifi aliinuka. Akajitanda kanga yake vizuri, upande huu, kisha upande huu, kama mtu ajiandaaye kwa safari ya baridi. Akarudisha kiti chini ya meza bila kukiburuta. Alimtazama Bi Saa kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Kisha akageuka, akashika kitasa, akatoka.