Maji Mekundu Chini ya Karakana ya Mjomba

Chupa ya maji mekundu ililetwa asubuhi kwenye geti la kiwanda cha nguo na mama mmoja mkulima wa mboga. Mlinzi alipotaka kuipokea, mama alikataa katakata. "Hii nimeichota kijitoni, naiweka mkononi mwa mkubwa mwenyewe," akasema, akaketi kizingitini mpaka meneja akatoka.

Kiwanda kile kilishona nguo za watoto za duka kubwa la ng'ambo, na duka hilo lilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: tangu pamba ikiwa shambani hadi kifungo cha mwisho, pasiwe na mtu wala mto ulioumizwa. Aliyelisimamia sharti hilo ni afisa ugavi, dada mmoja mwembamba ambaye mafundi wa cherehani walimwita Macho Manne, kwa miwani yake na kwa tabia yake ya kuchungulia kila kitu. Na vitambaa vyote vyekundu vya msimu ule vilitiwa rangi kwenye karakana moja tu kando ya kijito. Mwenye karakana alikuwa mjomba wa Macho Manne, tumbo moja na mama yake.

"Kama ni yeye, tunaachana naye leo leo," meneja alisema. "Au nitume mtu mwingine?"

"Nitakwenda mimi," Macho Manne akasema.

Ndani ya gari aliketi na yule mkulima, chupa ikiwa katikati yao. Kabla hawajafika mbali, mama yake akapiga simu. Habari mbaya haikosi miguu.

"Mwanangu, baba yako alipofariki, yule ndiye aliyetupa pa kulala. Sikuambii useme uongo. Nakukumbusha tu."

"Nakumbuka, mama," alijibu.

Karakana ilikuwa kimya. Mapipa ya kuchemshia rangi yalikuwa yamepoa, wafanyakazi wamekaa nje kama watu waliofiwa. Mjomba alikuja kumpokea, viganja vyekundu hadi kwenye vifundo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nilijua utakuja." Akaitazama ile chupa, akashusha pumzi. "Nimezima kazi yote tangu alfajiri. Tangi moja la kusafishia maji limepata ufa. Nimeuona ufa, nikaona na kijito, nikajua yamenifika. Usinitafutie pa kujificha. Andika unachokiona."

Macho Manne angependa mjomba aanze kubisha, amkasirishe kidogo. Ingekuwa rahisi zaidi.

Ufa ulikuwepo kweli, mwembamba kama unywele. Udongo chini yake ulikuwa umelowa, lakini ule unyevu haukufika mbali. Ulikomea kwenye ua wenyewe. Wakateremka wote watatu hadi kijitoni. Bomba la karakana la kumwaga maji lilikuwa kavu, halidondoshi hata tone, na bado maji yalipita mekundu kama yalivyo chupani.

Mkulima alikuwa amegeukia upande wa juu.

"Jamani," akasema, "mbona na huku juu ya bomba ni mekundu? Siku hizi rangi inapanda mlima?"

Macho Manne alivua viatu, akatangulia. Mjomba alimfuata akihema, mguu wake mmoja ukazama kwenye tope na kiatu kikabaki humo, hakurudi kukifuata. Walipopita kona ya kijito wakakuta wafyatua matofali. Ukingo wa shimo lao ulikuwa umeporomoka kwa mvua, na udongo mwekundu ulikuwa ukimomonyoka kuingia majini.

Macho Manne aliiweka chupa juu ya rundo la matofali, akaongea na msimamizi wao. Walipomaliza, tope lilikuwa limeanza kutuama kwenye kitako cha chupa, na juu maji yameanza kuonekana safi. Rangi ya vitambaa haifanyi hivyo. Ingebaki imeenea kote.

Mjomba aliyaona. Akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nyinyi chekeni," mkulima akasema, "mchicha wangu unakunywa matope." Lakini naye alikuwa akitabasamu. Hakuondoka mpaka wafyatua matofali walipoanza kujaza mchanga kwenye magunia na kuyapanga ukingoni.

Macho Manne alimpigia meneja na kumweleza yote, ufa akiutaja wa kwanza. "Aufunge," meneja akasema, "na sampuli ziende maabara. Zikiwa safi, aendelee." Sauti yake nayo ilikuwa imelainika.

Wakati wa kurudi, mjomba alitembea pekupeku mguu mmoja.

"Sema kweli. Ungenikatia kazi?"

"Ningekukatia, mjomba. Halafu ningelia."

"Hapo sawa. Kutolia ndiko kungeniudhi."

Majibu ya maabara yalipotoka, maji ya kijitoni hayakuwa na chembe ya rangi ya vitambaa. Macho Manne aliyapeleka karakanani mwenyewe. Fundi alikuwa amekwisha kuziba tangi na kulijaribu. Mjomba aliyasoma mara mbili, akapaza sauti: "Washeni!" Mapipa yakaanza kutoa mvuke, watu wakaitana, mmoja akapiga mluzi. Macho Manne akakaa juu ya majora ya kitambaa cheupe kusubiri chai aliyoahidiwa. Ilipoletwa, walimkuta amelala fofofo, miwani imemwangukia kidevuni. Mjomba akawaashiria wapite polepole.