Kibanda Kilichong'aa Mno

Jina la Mng'aro hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, baada ya kupaka rangi nusu ya milango ya mtaa huo, na kila mlango ukawa unamwonyesha mpita njia sura yake. Kwake yeye, rangi isiyong'aa ilikuwa uvivu wa fundi. Ukimwomba akupakie rangi tulivu, alikutazama kama vile umemwomba akupikie bila moto.

Jumamosi hiyo alivaa shati lake la kutokea, akaazima gari la kaka yake, akaendesha huku akipiga mluzi. Kwenye kiti cha mbele alikaa mama mkwe wake. Mkewe alikaa nyuma na kikapu cha chakula, akiomba Mungu kimoyomoyo.

Alikuwa na sababu ya kuomba. Mama huyo alihamia kwao miezi mitano iliyopita, wiki mbili tu baada ya kumzika mumewe, na tangu siku hiyo hakuwa amevuka mlango wa mbele. Chakula alikula, tena akashukuru. Salamu aliitikia. Lakini siku nzima alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, mikono ambayo kwa miaka thelathini ilikandika kuta za udongo, marehemu akisimamisha nguzo na yeye akifuata nyuma na tope. Mkewe Mng'aro alikuwa akilia jikoni huku amefungulia bomba ili mama asisikie.

"Mama anatuacha," alimwambia mumewe usiku mmoja. "Anatuacha hivi hivi tunamwona."

Ndipo Mng'aro alipokumbuka ile kazi yake ya hifadhi ya ziwa, ambako alikuwa ametoka kupaka rangi kibanda cha kutazamia ndege. Akasimulia mezani jinsi alivyomwona mdiria, siku ya kwanza ya kazi, akijitupa majini na kuibuka na samaki mdomoni, hatua tatu tu kutoka dirishani, na yangeyange weupe wakitembea kando yake kama watu wa harusini. Mama akainua macho.

"Karibu hivyo?"

Lilikuwa swali lake la kwanza katika miezi mitano.

"Karibu hivyo, mama. Ungeweza kuwapa mkono."

Akakubali kwenda.

Kuna jambo moja Mng'aro hakulisema mezani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuliona kuwa jambo. Msimamizi wa hifadhi alikuwa amemwachia ndoo ya rangi ya tope, isiyong'aa hata kidogo, kisha akaenda likizo. Mng'aro aliitazama ile ndoo akaona ametukanwa. Fundi mzima apake tope? Akaifunga. Akaleta rangi zake mwenyewe, akapaka kuta buluu ya anga, fremu za madirisha njano, na juu yake vanishi mara tatu. Kisha akamwachia mlinzi ufunguo, akaenda nyumbani kungoja sifa.

Getini walikuta watu wengi. Wengine walikuwa wametandika mikeka kwenye majani, wengine wakikodi mitumbwi, na kijana mmoja alikuwa akimbembeleza nyani amrudishie kofia.

"Kibanda chenyewe kile pale!" Mng'aro akaonyesha kwa fahari.

Mama akakinga macho kwa kiganja. "Nakiona, baba. Hata asiyetaka atakiona."

Wakapita kwenye daraja la mbao, wakaingia. Ndani palikuwa na mwanamke mmoja mwenye darubini shingoni, na mbele yake maji matupu. Hapakuwa na mdiria wala yangeyange.

"Karibuni mtazame maji," yule mwanamke akasema kwa uchungu. "Kuna mwendawazimu kaja kupaka kibanda hiki. Ndege wote wamehamia ng'ambo."

Mng'aro akajikuna kichwa pasipowasha. Mkewe akamgeukia polepole, kwa jicho ambalo kila mwenye mke analijua. Hapo hapo msimamizi wa hifadhi akatokea mlangoni.

"Afadhali umekuja mwenyewe! Nilikuachia rangi gani?"

"Ya tope, bwana."

"Na hii ni ya nini?"

"Hii... ni ya anga."

"Kibanda hiki ni cha kujificha, fundi! Jua likipiga hapa, kinamulika ziwa zima. Siku kumi na mbili hakuna ndege aliyetua upande huu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi. Mikono ilikuwa imerudi mapajani. "Si kitu," akasema taratibu. "Twendeni nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma Mng'aro kuliko makaripio yote ya msimamizi. Alijua kabisa kwamba akimrudisha mama kwenye kitanda kile leo, hatamtoa tena. Na aliyeharibu si mwingine, ni yeye na vanishi yake.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilitaka kazi yangu ionekane. Sikuwafikiria ndege, wala wanaokuja kuwatazama." Akamgeukia msimamizi. "Nipe ile ndoo nipake sasa hivi."

"Harufu ya rangi mbichi itawafukuza wiki mbili nyingine. Rangi sitaki tena."

Basi Mng'aro akavua viatu. Akakunja suruali mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo siku nyingine asingelithubutu, akateremka ukingoni, akachota tope kwa mikono miwili na kulibandika ukutani. Tope likateleza, likaanguka pwaa. Akachota tena. Likaanguka tena, safari hii kwenye shati la kutokea. Vanishi yake ilikuwa imara kweli, na kwa mara ya kwanza maishani aliilaani.

Mama alikuwa ametoka nje, anamtazama.

"Unafanya nini, baba?"

"Naweka tope, mama."

"Hilo si tope, ni uji." Akaukaribia ukuta, akaupitishia kiganja. "Halafu ukuta unateleza kama sahani. Tope litashika wapi? Ukwaruze kwanza. Chukua mchanga na gunia, usugue mpaka mng'aro wote uishe."

"Wote?"

"Wote."

Kisha akamgeukia msimamizi. "Wewe mwanangu, una jembe? Na nyasi kavu?"

Msimamizi alikuja pale kugomba, lakini alijikuta anakimbilia stoo. Aliporudi, mama alikuwa tayari amefunga kanga kiunoni, yumo kwenye udongo hadi vifundoni.

Saa mbili nzima Mng'aro alisugua kazi yake nzuri kuliko zote, jasho likimtoka na roho ikimuuma. Nyuma yake mama alikanyaga udongo na nyasi, akaonja ugumu wake kwa vidole, akaanza kukandika. Mkewe alibeba maji. Yule mwanamke wa darubini naye akapandisha mikono ya shati. Mama aliwaamrisha wote, msimamizi akiwemo.

"Usipapase, piga! Ukuta si mgonjwa."

Mkewe Mng'aro akacheka, kisha akageuka upande akajifuta macho kwa bega.

Jua lilipoanza kuinama, kibanda kilikuwa kimefanana na ukingo wenyewe wa ziwa. Wakaingia ndani, wachafu, wakakaa kimya. Wakangoja sana. Ndege hakuja, na Mng'aro akaanza tena kuona haya.

"Samahani, mama. Nilikuahidi mdiria."

Mama hakuwa akitazama maji. Alikuwa akichungulia pembe ya dirisha, anakwangua kwa ukucha.

"Hapa patapasuka likikauka," akasema. "Mkono wa kwanza wa tope lazima upasuke. Jumatano ndiyo siku ya kuweka wa pili, isipite." Akamtazama msimamizi. "Nikute nyasi zimeshakatwa, fupi kuliko hizi."

"Zitakuwa tayari, mama."

"Jumatano nina kazi mjini," Mng'aro akaharakisha, "lakini nitaomba ruhusa nikulete..."

"Kanileta nani kukandika miaka yote hiyo?" mama akamkata. "Basi linasimama pale getini, nimeliona. Nitakuja mwenyewe."

Mng'aro akafungua mdomo kubisha. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya benchi, kwa nguvu, na hakuondoa wake.