Eka Arobaini za Mama

Mimi ndiye niliyepandisha kodi ya ardhi kwa kata nzima, na karibu mwaka mzima sikujua. Nililaumu kila mtu mwingine. Nilimlaumu gavana, nikawalaumu walimu, nikawalaumu matajiri wa jiji la Omaha wanaonunua mabonde ya kuwindia kulungu. Zaidi ya wote nilimlaumu Jolene Hruska, mthamini wa kaunti, binti wa miaka thelathini na kitu aliyekaa ofisini akiandika kwamba mchanga wangu umegeuka dhahabu.

Barua yake ilikuja mwezi wa sita. Thamani ya mashamba yangu yote ilikuwa imepanda karibu theluthi, na kodi ingefuata nyuma. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa, nalima mwenyewe, na benki inanidai. Ili kulipa kodi ile ningelazimika kuuza eka arobaini nilizonunua kiangazi kilichopita, kwa sababu hizo ndizo pekee zilizokuwa hazijafungwa na mkopo. Nilizinunua kwa kuuza ng'ombe wangu wote. Mama yangu, Libuse, alizaliwa pale, kwenye nyumba ya mbao ambayo leo umebaki msingi wa mawe tu. Babu alizipoteza kipindi cha vumbi na njaa. Zikapita mikono minne ya watu wengine, mimi nikazirudisha. Nasema wazi kwamba sijafanya jambo jingine maishani ninalojivunia kama hilo.

Kwetu kuna mwiko. Ardhi ya ukoo ikipigwa mnada na mtu wa ukoo huo yupo ukumbini, majirani huweka mikono mifukoni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila hata mtoto mchanga anaijua. Siku ya mnada, kwenye ukumbi wa zimamoto, mikono yote ilikuwa mifukoni isipokuwa wangu na wa Delbert Pospisil, jirani yangu wa upande wa mashariki. Dalali akataja dola elfu nane kwa eka, ambayo ndiyo bei ya kawaida huku. Delbert akanyanyua. Elfu tisa, akanyanyua. Tulipofika elfu kumi na mbili dalali mwenyewe alikuwa ameanza kutuonea huruma. Nilimkazia macho Delbert na sikushusha mkono mpaka elfu kumi na tano, alipoketi.

Nilitoka pale kifua mbele. Miezi yote iliyofuata, nikinywa kahawa kwenye ghala la ushirika, nilimwambia aliyeuliza na asiyeuliza kwamba nimelipa thamani yake halisi, wala si senti moja zaidi.

Basi barua ilipokuja nikaandika pingamizi, nikapangiwa siku ya kusikilizwa. Kila mwenye pingamizi hupewa dakika kumi mbele ya bodi ya kaunti, baada ya kula kiapo. Chumba cha mahakama kilijaa majirani kama thelathini, wote na barua zao mkononi, na Delbert alikuwa safu ya tatu na kofia yake magotini. Mwenyekiti alikuwa Vernon Stuckey, mfuga nguruwe, mtu mpole anayesinzia kanisani.

Nilianza na udongo. Nikaeleza vilima, nikaeleza mchanga, nikaeleza kisima kilichokauka. Kisha hasira ikanipanda, nikamgeukia Jolene.

"Wewe binti, umewahi hata kuushika udongo wangu?"

"Nimeushika, mama. Nilikuja Oktoba. Ukanifungulia mbwa."

Watu walicheka, na mimi nikakumbuka kwamba ni kweli.

"Halafu mimi sipangi kodi," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Bodi ya shule, kaunti na zimamoto ndio wanaosema mwaka huu wanataka kiasi gani. Mimi kazi yangu ni kusema kila shamba lina thamani gani, ili mzigo ugawanywe. Kata yenu imepanda kuliko nyingine, ndiyo maana mmebebeshwa zaidi. Na thamani siitungi kichwani. Naangalia watu wameuziana kwa bei gani miaka mitatu hii."

Akawasha mashine na orodha ikatokea ukutani. Mauzo yalikuwa matatu tu, maana kwetu watu hawauzi ovyo. Shamba la kwanza elfu nane. La pili elfu nane na mia tatu. La tatu elfu kumi na tano, na pembeni, kwa herufi nene: Mnunuzi, Arlys Vondra.

Kisha mtu akasema kutoka nyuma, "Asante sana, Arlys!"

Safari hii kicheko hakikuwa kitamu. Masikio yalinichoma. Leona Bohac, bibi wa miaka themanini na minne aliyefundisha nusu ya watu wa chumba kile kusoma, alikuwa ameshika barua yake kwa mikono miwili bila kucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

"Una dakika nne, Bi Arlys," Vernon akasema taratibu. "Labda unataka kutuambia hiyo bei ilikuwa makosa?"

Alikuwa ananifungulia mlango, mtu mwema yule. Nilichotakiwa kusema ni kwamba nilipandwa na wazimu, kwamba ardhi ya mama haifiki hata karibu na bei hiyo. Mimi nikarudi kwenye habari ya kisima kilichokauka.

Delbert akasimama.

"Nami naomba niapishwe," alisema. Wakamwapisha. "Mimi ndiye niliyekuwa napandisha naye. Ile ardhi sikuitaka. Sina hata trekta ya kuilimia. Mwaka themanini na sita, benki ilipolipiga mnada shamba letu, baba yake huyu, Mzee Kadlec, ndiye aliyenyanyua mkono, na baba yangu amesimama palepale. Nimekaa na hilo miaka yote. Nilitaka siku moja Kadlec mmoja alipe, basi."

"Na ningekuachia kwenye elfu kumi na nne je?" nilimwuliza. "Ungelipa na nini, makopo?"

"Ningekufa papo hapo," akasema.

Habari ya baba niliijua. Nyumbani kwetu haikusemwa kamwe, na mimi pia sikuwahi kuisema. Nilimtazama Delbert, mzee mwenzangu na kofia yake.

Jolene alikuwa ametoa karatasi kwenye jalada. "Kila shamba likiuzwa natuma fomu kwa mnunuzi," alisema. "Swali la saba: je, ulikuwa na sababu yoyote ya pekee ya kununua shamba hili? Mama, uliandika, 'Hayakuhusu.'"

"Na kweli yalikuwa hayakuhusu."

"Sasa yananihusu. Umeapa. Mnada ukirudiwa leo, na Delbert yuko nyumbani amelala, ungelipa elfu kumi na tano?"

Vernon alifumba macho, kama mtu anayeomba niseme hapana. Majirani wote walisogea mbele. Hapana moja tu, na kodi ingeshuka.

"Ningelipa," nilisema. "Wangetaka zaidi, ningelipa zaidi. Mama yangu alizaliwa pale. Aliondoka ana miaka tisa, amekaa juu ya godoro kwenye mkokoteni, na mpaka anakufa alikuwa akipita barabara ile anageuza uso upande wa pili ili asipaone. Msinilazimishe niseme haina thamani. Siwezi, na sitasema."

Mtu nyuma yangu akaguna. Nilijua nimeshajichimbia kaburi, tena na wao humo humo.

"Na shamba lililo ng'ambo ya barabara?" Jolene akauliza. "Udongo uleule, mteremko uleule."

"Lile? Elfu nane. Tena niwe nimeamka vizuri."

Jolene akaiweka fomu chini. "Mwenyekiti, hiyo si bei ya soko. Mtu anayelipa bei ya soko angelipa sawa pande zote mbili za barabara. Huyu alikuwa anamnunulia mama yake. Nilipaswa kuja kuuliza tena, mbwa awepo asiwepo. Naomba mauzo haya yatolewe, na kata nzima ithaminiwe upya kwa yale mawili yaliyobaki."

Vernon akauliza wanaokubali. Mikono mitano ya bodi ikapanda yote. Leona akaikunja barua yake mara nne, akaitia kwenye mkoba. Delbert alibaki amesimama, hajui kama aketi, mpaka nilipomsogezea kiti.

Jolene akachukua kalamu nyekundu akayakata mauzo ya tatu kwenye nakala yake, mbele yetu sote. Jina langu limechongwa kwenye vikombe sita vya maonyesho ya ng'ombe, na halijapata kunipa fahari kama siku ile nilipoliona likifutwa.