Adan Aliuliza Pazia

Kitendawili: ameulizwa, hakujibu, na wala hakunyamaza. Ukishindwa utanipa mji, na mimi siku hizi sitaki mji mdogo.

Mjukuu wangu Habsa ni kiziwi tangu utotoni. Ana cherehani yake hapa Isiolo, na madera anayoshona wenye masikio wanayapigania. Lakini watu wakimwona wananiuliza mimi bibi yake, "Akko, huyu anakula nini?" Kama mbuzi wa kununua sokoni. Jirani yetu Makandi humpigia kelele sikioni mpaka mate yanaruka, halafu anashangaa mbona msichana anajipangusa.

Nilikuwa malishoni kule Gotu na mbuzi wangu wakati mwanangu Adan aliponipigia simu. Yeye ndiye ami yake Habsa, na ndiye anakaa naye tangu baba wa msichana afariki.

"Mama, kuja Ijumaa. Habsa anaolewa na Jattani, yule wa ng'ombe."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Si unamjua, Mama. Anacheka tu."

Nilifika pilau ikiwa jikoni, wanaume wamekaa nje kwenye mikeka pamoja na Sheikh Jama. Rafiki ya Jattani alikuwa akimtania, "Una bahati wewe. Umepata mke ambaye hatakugombeza." Nikamwambia hajaona mikono ya Habsa ikikasirika.

Nikaingia ndani. Habsa alikuwa ameketi, mgongo kwa pazia, anamalizia upindo wa dera jeupe. Nikamgusa bega. Akanikumbatia, kisha akaniuliza kwa mikono: bibi harusi ni nani?

Kumbe mtoto ameshona nguo ya harusi yake bila kuambiwa ni yake.

Hapo hapo nikasikia Adan nje ya pazia, amekuja na mashahidi kama desturi yetu ilivyo. "Habsa, umekubali nikuoze Jattani?" Akauliza tena. Akauliza ya tatu. Sindano ya Habsa ikaendelea na kazi yake.

"Amekubali," Adan akasema. "Mwari akinyamaza, amekubali."

Nikafungua pazia. "Adan, umeuliza nani? Umeuliza kitambaa."

"Mama, usiniaibishe mbele ya watu. Si amenyamaza?"

"Ananyamaza aliyesikia swali. Hata punda wa Makandi amenyamaza, utamwoza pia?"

Sheikh Jama akasikia maneno, akaja. Nikamweleza. Akaniambia, "Mama Adan, muulize wewe kwa lugha yake. Ishara yake ndiyo kauli yake."

Nikamuuliza. Habsa akalitazama dera, akawatazama wanaume waliojaa mlangoni. Kisha mikono yake ikaanza, nami nikawasomea: "Huyo Jattani huja kwa cherehani yangu kila mara. Hajawahi kunitazama usoni. Huongea na mteja aliye karibu. Sitaki."

Neno la mwisho hata sikuhitaji kulitafsiri. Alikuwa ameshalikunja dera na kumtupia Adan kifuani.

Sheikh akavaa viatu vyake. Jattani akaondoka na watu wake, tukabaki na pilau ya kulisha mtaa mzima.

Jioni Adan akaja polepole, amejaa haya. Nikafurahi, nikasema moyoni, sasa mwanangu ameelewa. Akainama mpaka kwenye sikio la Habsa, akapaza sauti hadi kuku wakatawanyika: "Nisamehe."

Habsa akajipangusa shavu, akanitazama.

Jamani, nimechoka. Adan, umeshindwa. Nipe mji.