Rula ya Msimamizi

"Mikono mezani! Viganja chini!"

Wakataji wote wa kiwandani wakatandaza mikono juu ya meza ya kukatia. Msimamizi akapita na rula, anainama, anapima vidole kama mtu anayechagua samaki. Oda nzima ya mashati ilikuwa imekatwa mikono ya kulia mitupu; ya kushoto hakuna hata mmoja. Mtu aligeuza kiolezo. Na msimamizi, sijui nani alimdanganya, aliapa kwamba kosa hilo ni la mtu wa mkono wa kushoto, na mtu wa kushoto hafichiki: kidole chake cha pete hukipita cha shahada. Akipatikana, kazi hana.

Mama Mkasi jasho lilimtiririka mgongoni. Ni yeye. Juzi mkono wa kulia ulimuuma, akahamia upande wa pili wa meza na kushika mkasi kwa kushoto, mkono ule ule ambao mama yake aliufunga kitambaa utotoni mpaka akakoma kuutumia mbele za watu. Alipogeuka yeye, kiolezo nacho kikageuka.

Rula ikatua. Cha shahada kilikuwa kirefu kuliko cha pete.

"Wewe huna neno."

Akashusha pumzi. Lo, nafuu iliyoje!

"Huyu hapa!"

Msimamizi alikuwa amemshika mkono wifi yake Mama Mkasi, aliyesimama ubavuni pa Mama Mkasi. Wifi huyo huyo ndiye aliyembembelezea kazi hapa.

"Mimi? Bosi, mkono wa kushoto hata kijiko sishikii! Wifi, mwambie jamani."

Mama Mkasi akatazama sakafu.

"Vua aproni," msimamizi akasema.

"Wifi! Umekuwa bubu?"

Mama Mkasi aliogopa, tusidanganyane, aliogopa kuipoteza kazi. Wifi akaanza kuhangaika na fundo la aproni mgongoni, macho hayamwachi Mama Mkasi.

Ndipo Mama Mkasi alipovuta kitambaa, akachukua mkasi kwa mkono wa kushoto. Ni mkasi wa watu wa kulia; mwingine akiushika kwa kushoto angekitafuna kitambaa. Wake ulifuata mstari wa chaki, ukapinda kwapani, ukatoka safi.

"Bosi," alisema bila kuinua uso, "hebu nipime tena."

Rula ilikuwa imebaki hewani, na wifi alisimama na kamba za aproni mikononi, hajui afunge au afungue.